Dripu, Mionzi na Herufi za Chuoni

Uvimbe haukuuma. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote, kwa sababu mimi nilidhani kisichouma kinaweza kungoja. Ulikuwa upande wa kushoto wa shingo, chini ya sikio, mgumu kama kokwa. Niliugundua asubuhi moja nikifunga mtandio, wiki ile mvua za kwanza zilipoanza Muyinga.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Bujumbura mwaka mmoja nyuma, nikapangiwa kufundisha kemia Muyinga, nikawa naishi kwa shangazi yangu Mwamini, dada mkubwa wa baba. Yeye hushona kofia za vitobo na kuziuza. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Baba ni fundi cherehani, yuko Gitega, na kati ya Gitega na Muyinga wakati ule wa vita kulikuwa na vizuizi vya askari ambavyo idadi yake ilitegemea siku.

Baada ya uvimbe, sikio la kushoto likaziba kana kwamba limeingia maji. Kisha nikawa nikipenga naona damu. Kituo cha afya walinipa vidonge, wiki mbili baadaye vidonge vilevile, kisha vilevile tena. Nilimuuliza muuguzi kwa nini dawa iliyoshindwa mara mbili iaminiwe mara ya tatu. Akasema walimu wana maneno mengi. Kweli tunayo. Lakini swali langu lilikuwa sahihi, na wewe msomaji ukijikuta unapewa dawa ileile mara tatu, liulize kwa sauti.

Shangazi hakuwa na haja ya maswali. Alinikalisha mlangoni penye mwanga, akanibonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia.

"Hii iko ikirimi," akasema. "Imerefuka inakugusa koo. Ndiyo inavimbisha shingo. Mi naijua, we mtoto. Nyumba hii yote tulikatwa."

Ikirimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu ukikohoa sana unakatwa, mtoto asiponyonya anakatwa, na shangazi alikuwa anajulikana mtaani kote kama mtu wa kukuonyesha njia ya kwenda kwa mama mmoja mlimani aliyekuwa na mkono mwepesi. Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nabishana na imamu kuhusu mvua, na mkuu wa shule kuhusu ratiba. Na bado nilikubali. Kituo cha afya kilikuwa kimenichosha, na nilitaka shangazi anyamaze. Nilijiambia kwamba nikikatwa na uvimbe ukabaki, nitakuwa nimemthibitishia kwamba amekosea. Huo ndio ujinga wa msomi: kutumia koo lako mwenyewe kumshinda mtu katika mabishano.

Nilikatwa kwa kisu kilichopinda mfano wa ndoana. Nilitema damu siku tatu, nikanywa uji baridi wiki nzima. Kidonda kilipopona shangazi alisema uvimbe umepungua. Mimi nilisema haujapungua. Tulibishana hivyo miezi mitatu, huku wenyewe ukikua.

Likizo ilipofika nilikwenda Gitega na shangazi, baba akaniona, akaweka futi yake ya kushonea chini. Alinipima shingo kwa macho kama anavyopima wateja wake. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitalini Gitega, yeye, shangazi na mimi.

Benchi la pale nalikumbuka kuliko daktari. Kulikuwa na mzee kutoka Bukirasazi aliyetembea tangu alfajiri kwa sababu magari hayakwenda siku hiyo, na bado akainuka ili shangazi akae. Kulikuwa na mama wa Buraza aliyeniangalia shingo akaniuliza polepole nani alinilisha sumu. Nikamwambia hakuna aliyenilisha. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayeona umeamua kumficha adui yako. Katika miaka ile, shaka ya namna hiyo ilitosha kumtia jirani wa watu hatarini. Kwa hiyo nilirudia jibu langu kwa nguvu, benchi zima lisikie: hakuna mtu aliyenifanyia hivi.

Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka mitano. Alinimulika koo, akauliza:

"Hapa nani alikata?"

Shangazi aligeuka akatazama dirishani. Nikasema nilikubali mwenyewe. Daktari alishusha taa yake.

"Lini?"

"Miezi mitatu iliyopita."

"Bon," akasema. "Miezi mitatu iliyopita ilikuwa ndogo."

Shangazi alitoa kofia yake, pale na njiani kurudi. Alishona.

Daktari alichukua kipande cha nyama nyuma ya pua, pale pua inapokutana na koo, na kipande hicho kikasafiri kwenda Bujumbura ndani ya kichupa, kwenye mfuko wa shati la dereva, katikati ya msafara wa magari yanayosindikizwa na wanajeshi. Jibu lilichukua wiki tatu kurudi. Wiki ya kwanza barabara ilifungwa, wiki ya pili hakuna aliyejua kichupa kiko wapi. Ya tatu niliitwa.

Ilikuwa kansa. Daktari alinieleza kwamba mahali ilipo hapafikiwi kwa kisu. Inatibiwa kwa mionzi, na kwa dawa ya dripu inayopita kwenye mshipa, na hivyo viwili lazima viende pamoja, wiki zilezile. Nilimuuliza kwa nini visifuatane, mwili upumzike kati. Hakuniambia nina maneno mengi. Alisema dripu inaidhoofisha kansa wakati mionzi inaipiga. Ukiipiga haijadhoofika, nyingine inabaki na inarudi. Nchini mwetu mashine ya mionzi haikuwepo. Ilikuwepo Dar es Salaam.

"Watu watakwambia chukua kimoja kwanza, uone," alinionya. "Watakwambia kwa sababu wanakupenda. Usikubali."

Niliandika maneno yake kwenye daftari. Yakawa ndiyo vita yangu.

Sitaeleza pesa zilitoka wapi. Kila familia yenye mgonjwa inajua zinatoka wapi. Baba hakuweza kuondoka, maana nyumba iliyoachwa tupu wakati ule iliporwa siku hiyohiyo. Shangazi akasema atakwenda yeye. Hakuna aliyemwomba. Tulivuka mpaka wa Kobero kwa lori la Mzee Amirali, Mhindi mwenye duka Muyinga, aliyekuwa akiagiza chumvi na sabuni kutoka Tanzania. Aliniweka mbele na dereva, akampa shangazi mto wa kukalia, akatusomea dua kwa haraka kama mtu anayesoma orodha ya mizigo.

Dar tulipanga chumba kwa Warundi wenzetu, na masika yalikuwa yameanza. Hospitalini walinilaza kwenye meza, wakanifunika uso na shingo kwa plastiki ya moto iliyolainika, wakaibonyeza mpaka ikapoa. Hicho ndicho kinyago. Kila siku unafungwa nacho mezani kwa vifungo ili usitikisike hata nywele. Ulale ndani ya sura yako mwenyewe, usimeze mate, uhesabu. Nilipewa kadi yenye visanduku thelathini na vitatu. Jumatatu mpaka Ijumaa mionzi, na dripu tatu: wiki ya kwanza, ya nne, ya saba.

Wauguzi walikipenda Kiswahili changu. Nikisema "mi iko tayari" walikuwa wanaitana waje wasikie. "Mrundi, hebu sema tena," alisema mmoja huku akinitafuta mshipa. Nikasema tena, mara kumi, kwa sababu akicheka mkono wake ulikuwa haukosei.

Wiki ya kwanza nilidhani nitashinda kirahisi. Dripu ilinitapisha siku mbili na kuniachia ladha ya msumari mdomoni, lakini nilitembea mwenyewe. Wiki ya pili chakula kilipoteza ladha, wali ukawa kama karatasi iliyolowa. Wiki ya tatu mdomo ulianza kuchubuka. Mate yakawa mazito kama gundi, nikatembea na kikopo. Shingo ikawa nyeusi, kisha ikababuka. Nywele za kisogoni zilibaki kwenye mto. Za mbele zikabaki kichwani. Nilionekana kama mtu aliyenyolewa na kinyozi aliyekimbia katikati ya kazi.

Shangazi alikaa kwenye chumba cha kungojea na kofia moja. Kila nilipoingia kwenye mionzi alianza mstari mmoja wa vitobo, na nikitoka alikuwa ameumaliza. Hakushona mstari mwingine mpaka kesho yake. Wagonjwa wengine walianza kumwuliza tumefika wapi, naye anawaonyesha kofia.

Na alipika. Aligundua kwamba uji wa ulezi ukichujwa kwa kitambaa cha kofia, mara mbili, ukatiwa maziwa na samli kidogo, ukaachwa upoe kabisa, unapita. Aligundua pia kwamba nikisukutua maji ya chumvi na magadi laini kabla ya kula, maumivu yanalala kwa dakika kumi. Dakika kumi zinatosha kikombe kimoja. Kama wewe ni mtu wa kumhudumia mgonjwa, shika hilo: maji kwanza, kisha uji, na usizungumze naye akimeza. Alileta na kombe, maji yaliyooshewa aya, kutoka kwa shehe mmoja. Anajua msimamo wangu. Nililinywa. Lilikuwa maji, lilikuwa baridi, na lilipita kooni. Siku ile sikuwa na hoja ya kupinga chochote kinachopita.

Dripu ya pili ndiyo iliyonibwaga. Sauti ilikwisha kabisa, sikio lililobaki zima likaanza kupiga filimbi, na nikawekewa mrija puani wa kupitishia uji. Katikati ya hayo dereva wa Mzee Amirali alifika Dar na habari kwamba kulipigwa risasi karibu na Gitega, mtaa wa baba watu walihama kwa siku kadhaa, na yeye hakuwa amemwona baba kwa macho.

Shangazi alisikiliza habari hiyo amesimama. Kisha akaanza kufunga kanga zake.

"Tunarudi," akasema. "Mionzi umepata mingi. Hii serumu yao ya dripu ni sumu, mi sioni dawa hapa. Alors tukafe wapi, we Hadija? Hapa, kwa watu? Twende kwetu. Ukipona kidogo utarudi."

Kimoja kwanza, uone. Daktari alikuwa amenipa maneno yale yale, na mtu wa kuyasema alikuwa huyu. Nilikuwa nimebakiza visanduku kumi na tatu na dripu moja. Sikuwa na sauti. Nikavuta daftari, nikakumbuka kwamba shangazi hasomi herufi za shule. Kwenye chumba kile kulikuwa na mwenyeji wetu, angeweza kumsomea, lakini nilichotaka kusema hakikuwa cha kusomwa na mwingine.

Shangazi anasoma herufi za Kiarabu. Alifundishwa chuoni, kwenye madrasa, kama mimi. Niliachana na herufi hizo nikiwa na miaka kumi na mitano, siku niliyomwuliza mwalimu swali akanijibu kwa fimbo, na niliapa sitaziandika tena. Sasa nilizitafuta. Nukta zilikaa pasipo pake, na nilikuwa naandika Kiswahili cha nyumbani kwa herufi za msahafu, kutoka kulia kwenda kushoto, kama mtoto. Niliandika: *Ulinipeleka mlimani nikakubali. Mara hii sikubali. Nenda kwa baba. Mimi nabaki mpaka kisanduku cha mwisho.*

Alichukua daftari. Akasoma kwa kidole, akitamka kimyakimya, vile anavyosoma Yasini. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Nilimwona kidole kimesimama kwenye neno la mlimani, hakitoki.

Hakuniomba radhi. Alifungua kanga moja baada ya nyingine, akazitundika, akaenda kuchuja uji. Alipoleta kikombe akaniambia tu kwamba mwandiko wangu umeharibika na mwalimu wangu wa chuoni angenichapa.

Damu yangu ilipopimwa kabla ya dripu ya tatu ilikuwa haba, wakataka kuiacha. Niliandika kwenye daftari, kwa herufi za shule safari hii: kama ni haba leo, Alhamisi mtapima tena? Daktari wa pale alicheka akasema watapima. Alhamisi ilikuwa imepanda kidogo. Wakanitundikia. Ilikuwa mvua kubwa, maji yanaingia mpaka veranda, na mimi nilitapika kila kitu isipokuwa uamuzi wangu. Kesho yake nikaingia mezani mara ya thelathini na tatu. Nilipotoka shangazi alikuwa anakata uzi kwa meno.

Niliomba kinyago, wakanipa. Kwenye kizuizi cha kwanza baada ya Kobero askari alipekua mfuko wangu akakitoa, akakiinua kwenye mwanga, plastiki nyeupe yenye matundu, pua, kidevu, macho yaliyofumba.

"Hii iko nini? Huyu nani?"

Sauti yangu ilikuwa imeanza kurudi, nyembamba. "Ni mimi."

Akaniangalia, akakiangalia. "Hapana. Huyu ni mnene."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, askari naye akacheka, na mimi nikacheka bila mate mdomoni, jambo linalouma. Wakatupitisha.

Baba alikuwa hai. Alikuja Muyinga kiangazi kilipoingia, kwa siku mbili na magari matatu, akavikwa kofia ile ya mistari thelathini na mitatu. Hakuuliza kwa nini mstari wa ishirini umepinda. Mimi nilikuwa naishi kwa uji, kisha ndizi zilizopondwa, kisha siku moja nikahisi chumvi kwenye maharage na nikalia juu ya sahani. Ladha ilirudi kama watu wa mtaa waliokimbia, mmoja mmoja, na wengine hawajarudi mpaka leo. Mdomo wangu ni mkavu, natembea na chupa ya maji. Darasani nameza funda kila sentensi mbili, na wanafunzi wamejifunza kungoja. Shingo haigeuki vizuri, nageuka mzima mzima. Sikio la kulia linapiga filimbi. Meno nayalinda kama mali. Ndani ya koo palipokatwa pana kovu, na hakuna mionzi inayofuta hilo. Uvimbe haupo. Daktari wa Gitega amenipapasa shingo mara nne tangu hapo, na kila mara huuliza ninalo swali gani leo, kabla hajauliza naumwa wapi.

Kuhusu mlimani, shangazi na mimi hatukuzungumza. Majirani waliamini nilirogwa nikaponywa Dar. Aliwaacha waamini, na mimi, niliyembishia kila mtu maishani, nilimwachia hilo.

Mpaka mvua zilipokaribia tena. Mama Rukia, jirani yetu wa upande wa msikitini, alikuja na binti yake wa miaka ishirini. Binti alikuwa amevaa mtandio kwa namna niliyoitambua kabla hajakaa: umeshushwa upande mmoja, kufunika. Mama Rukia alisema anakohoa, shingo imevimba wiki tano sasa, na kwamba wamekuja kuelekezwa kwa yule mama mwenye mkono mwepesi.

Nilifungua mdomo niseme. Shangazi aliinua sindano yake kunizuia.

"Ndiyo, ufungue," akasema. "Lakini usiongee. We Mama Rukia, njoo hapa penye mwanga. Angalia koo ya huyu."

Mama Rukia aliinama akachungulia. Shangazi alibonyeza ulimi wangu kwa mpini wa kijiko, uleule.

"Unaona hapo hapana kitu? Ni mi nilimpeleka. Kansa ilikuwa ndogo, mi nikasema ikirimi. Miezi mitatu nikamshikilia hapa. Daktari aliuliza nani, mtoto akabeba lawama mwenyewe, mi nikaangalia dirisha." Akatoa kijiko. "Sasa umesikia. Waambie na wengine."

Binti aliondoa mtandio shingoni polepole. Uvimbe wake labda si kansa. Mingi si kansa, na mimi si daktari. Lakini haujaisha kwa wiki tano, na hilo latosha kumfanya mtu apande gari.

Shangazi alikuwa tayari ameinuka anatafuta viatu. Akasema kesho asubuhi anawapeleka Gitega yeye mwenyewe, njia ikiwa wazi, na isipokuwa wazi, kesho kutwa. Kisha akaniletea daftari na kalamu.

"Niandikie yale maswali yako unauliza uliza. Kwa herufi zetu."

Niliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu ulioharibika. Huu uvimbe ni nini, na mmejuaje? Mtachukua kipande? Kitakwenda wapi, na nani atakifuata? Kama ni kansa, mionzi na dripu ni pamoja au mbalimbali, na kwa nini? Kama mmempa dawa mara mbili na haijafaa, ya tatu itakuwa tofauti? Na la mwisho: usipojua, daktari, utatutuma kwa nani?

Alisoma yote kwa kidole, akisahihisha nukta mbili. Lile la mwisho alilisoma mara ya pili kwa sauti, Mama Rukia asikie. Kisha akakunja karatasi, akaiingiza ndani ya msahafu wake mdogo wa safari.

"Hili la mwisho," akasema, "ndilo nitaanza nalo."